Gari Lililopelekwa Kulelewa Shishiyu

Nyie mnaojifunza udereva pale chuoni mmenitumia salamu kupitia kwa mwalimu wenu. Mnataka niwaambie gari la kwanza la bei nafuu linachaguliwaje na bima yake inakatwaje. Nimewasikia. Nimestaafu, haraka sina, nitawaeleza kwa mwendo wangu, na atakayesinzia asinitafute siku atakayogonga mbuzi wa watu.

Hapa Bariadi naitwa Mama Bima. Jina nililopewa na wazazi wangu kule Nyalikungu hakuna anayelikumbuka. Hata marehemu mume wangu alikuwa ananiita Mama Bima, tena tukiwa tunagombana. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa wakala wa bima za magari, kwenye chumba kimoja jirani na stendi, meza moja, kiti kimoja cha mteja, na feni iliyozunguka pale tu ilipojisikia.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mushi, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku, akakaa analalamikia joto mpaka siku alipoondoka. Nilipomwuliza hasa tunauza nini, alisema tunauza karatasi ambayo mteja anamwomba Mungu asije akaihitaji, kwa hiyo nisitegemee kupendwa. Hilo la kutopendwa nililizoea upesi. Akanifundisha na jambo la pili, kwamba mteja akija usianze kulitazama gari lake. Muulize kwanza nani ataliendesha na anakwenda nalo wapi. Gari halina siri nyingi, watu ndio wanazo.

Zamani bima ilikuwa stika ya karatasi. Inabandikwa kwenye kioo cha mbele, trafiki anainama, anaisoma. Nilikuwa na mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, nadhifu kupita kiasi. Alikamatwa hana stika, akaja kwangu amevimba, eti nimemtapeli. Nikamwuliza, stika nilikupa, sikukupa? Ulinipa. Iko wapi? Iko nyumbani, kwenye sanduku, chini ya mashuka, maana jua la huku lingeipausha. Nikamwambia basi sanduku lako lina bima safi kabisa, liendeshe popote Tanzania. Hakucheka.

Siku hizi stika hakuna. Askari anaingiza namba ya gari kwenye simu na simu inamwambia kila kitu, pamoja na tarehe bima yako ilipokata roho. Nanyi mnaweza kufanya hivyo hivyo kabla ya kununua gari la mtu. Gari lililokaa muda mrefu bila bima lilikuwa limekaa juu ya mawe mahali fulani, na mwenye nalo hatawaambia.

Na mkienda kukata bima, jamani, msiseme "nipe ile ya trafiki." Nusu ya wateja wangu walikuwa wanasema hivyo. Mtu anadhani bima ni kitu cha kumwonyesha askari ili akupishe, kama vile mtu anavyovaa kofia ngumu ya bodaboda akikaribia kituo cha polisi na kuivua akishapita. Nilikuwa nawauliza, ukigonga mtoto wa shule trafiki hayupo, itakuwaje? Wananiangalia kama nimewatukana. Basi nakata bima, wanalipa, wanaondoka, na mimi nabaki na feni yangu.

Sasa niwaambie habari ya Minza, maana yote mnayoyauliza yamo humo.

Minza alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, anakaa kwa shangazi yake hapa Bariadi na anasoma udereva palepale mnaposoma nyie. Kazi yake ilikuwa vifaranga. Ananunua wa siku moja kwa mtu mwenye mashine ya kutotoleshea, anawapakia kwenye maboksi, anawapeleka vijijini kwa bodaboda. Jua la huku mnalijua. Akifika Sola anafungua boksi, wengine wameshalala moja kwa moja, na mama aliyeagiza anawalipia wanaosimama tu. Minza alikuwa anarudi mjini na maboksi matupu na uso umemshuka. Akawa anaweka akiba anunue kagari kadogo, vifaranga wakae kivulini. Akiba haikutosha, ndipo baba yake, Mzee Lusangija wa huko huko Sola, akakubali kuuza ng'ombe ajazie.

Walinichukua tukaangalie gari pamoja. Kuna dalali mmoja alikuwa na gari jekundu, limepakwa nta mpaka unaona meno yako. Dalali alianza kuongea tukiwa bado barabarani. Mzee Lusangija hakuuliza bei wala hakufungua mlango. Alilizunguka, akachuchumaa nyuma, akainuka, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Huyu mmeshamnywesha," akasema.

Dalali akaniangalia mimi. Nikamtafsiria. Mnadani, mjanja anamnywesha ng'ombe maji mengi kabla mnunuzi hajafika, tumbo lijae, aonekane ana afya. Mzee anasema injini ina moto, mmeliwasha kabla hatujaja. Dalali akacheka sana, akasema hilo ni joto la jua. Gari lilikuwa chini ya paa la bati, kivulini.

"Tutakuja kesho kabla halijaamka," mzee akasema.

Kesho yake tulimkuta dalali ana mswaki mdomoni. Gari likawashwa, likakohoa, likakataa. Vijana wakalisukuma hadi mwisho wa mtaa, likawaka, likatoa moshi mweusi hadi mama wa chapati akafunika beseni lake. Mzee akasema wabeja, yaani asante, tukaondoka zetu.

Kwa hiyo la kwanza mlichukue hilo. Gari la kununua likute limelala, liamshe mwenyewe, sikiliza linavyoamka. Halafu soma namba ya chesisi pale kwenye chuma, siyo kwenye karatasi, na ulinganishe na kadi. Halafu nenda kwa wauza vipuri wa hapa hapa uulize breki za gari hilo zipo. Wakikwambia zinaagizwa Mwanza, achana nalo hata kama unapewa bure. Na ukiona spika za muziki zina thamani kuliko matairi, ujue aliyekuwa nalo alikuwa analisikiliza, hakuwa analitunza.

Gari walilonunua hatimaye lilikuwa jeupe, la milango mitano, injini ndogo, kwa umri limempita Minza kidogo. Liliwaka asubuhi kwa mara ya kwanza. Mzee alilipiga kofi ubavuni akasema linafaa.

Ugomvi ulikuja kwenye jina. Walikaa mbele yangu, mzee kwenye kiti, Minza amesimama.

"Kadi ya gari iandikwe jina la nani?" nikauliza. "Maana bima nayo itafuata jina hilo."

"Lusangija," mzee akasema.

Minza akaangalia sakafu. "Baba, na pesa yangu imo."

"Imo, sijakataa. Lakini binti anaolewa, mwanangu. Ukiolewa gari lina jina lako, gari nalo litakuwa limeolewa. Tena bila mahari."

"Sitaki kuolewa sasa hivi, baba. Nataka gari liwe langu."

"Litakuwa lako kuendesha."

Binti wa kwetu hambishii baba yake mbele ya watu. Nilimwona Minza alivyolimeza neno lile, na nilijua halikushuka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika. Nikaandika Lusangija.

Tukaingia kwenye bima. Nikamweleza mzee kuna bima ndogo na bima kubwa.

"Ndogo ikoje?"

"Ukigonga mtu au mali ya mtu, bima inamlipa yeye."

"Na gari langu?"

"Halilipwi."

"Yaani ninamlipia mtu nisiyemjua."

"Ndiyo."

"Na yeye huko aliko amenilipia mimi?"

"Kama na yeye amekata."

Mzee akafikiri. "Hiyo ni sadaka ya kanisani," akasema. "Nipe kubwa."

Bima kubwa inalipa na gari lako. Lakini sikilizeni vizuri nyie wenye miaka kumi na nane, kumi na tisa. Kampuni inawaogopa. Kila hasara kuna kipande cha kwanza ambacho mwenye gari anakibeba mwenyewe, na dereva akiwa mchanga au ana leseni ya kujifunzia kipande hicho kinanenepa. Msikasirike na msidanganye. Wapo wanaoandikisha kwamba mwendeshaji ni baba wakati baba hajui hata klachi iko upande gani. Siku ya ajali anakuja mtathmini, anamwuliza baba aonyeshe gia ya kurudi nyuma, na madai yanaishia hapo. Mwanafunzi aandikwe mwanafunzi. Vibao vya L vikae mbele na nyuma, na pembeni yako akae mtu mwenye leseni kamili, macho yake yakiwa barabarani. Rafiki yako mwenye miwani ya jua hahesabiki.

Nikauliza maswali yangu yote, na mzee akajibu vizuri. Ataendesha nani? Minza, akiwa na msimamizi. Kazi ya gari? Kubeba vifaranga wake, basi. Abiria wa nauli? Hakuna. Litalala wapi? Kwangu Sola. Yote yalikuwa kweli siku ile. Nikaandika matumizi binafsi, mwalimu wa chuo akaliendesha mpaka Sola, nikaendelea na wateja wangu.

Sasa hapa wageni mlioletwa na ajira huku kwetu mnisikilize, maana wenzenu Wasukuma wameshaanza kutabasamu. Kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Anampelekea rafiki yake wa kijiji cha mbali wachache amlelee. Ugonjwa ukiingia kwako, wale wamepona. Jirani mwenye jicho baya haoni wingi wako. Na anayelea hafanyi kazi ya bure: maziwa ni yake, mbolea ni yake. Ng'ombe na ndama wanabaki wako. Hakuna kuandikiana, ni neno na urafiki.

Gari lilipofika Sola, uwanja ulijaa. Huyu ana mgonjwa, yule ana msiba, shemeji ana harusi Lamadi na bibi harusi hawezi kupanda pikipiki. Minza bado hajapata leseni kamili, yuko mjini. Mzee Lusangija akaona mali hii italiwa yote kabla mwenye kuitumia hajaja. Akafanya kama baba yake alivyomfundisha. Akalipeleka kwa Mzee Nkwabi wa Shishiyu, rafiki yake tangu ujana, akamwambia nilelee huyu mpaka binti afaulu.

Mzee Nkwabi alikuwa mlezi mwaminifu. Alilijengea banda. Kila alipopata mtu wa kwenda Sola alituma salamu kwamba mnyama hajambo. Na kwa kuwa maziwa ni ya mlezi, akampa mpwa wake ufunguo. Mpwa leseni alikuwa nayo, kamili na hai, hilo nimtendee haki. Siku za mnada akawa anapakia watu.

Minza hakuambiwa chochote. Alijua gari liko kwa baba yake. Siku moja kapeleka vifaranga Maswa, bodaboda ikamharibikia njiani, amesimama juani na boksi, anaona gari dogo linakuja. Anapunga mkono, gari linasimama.

"Panda dada, nafasi ipo," dereva anasema.

Nafasi ilikuwepo kwa maana ya kwamba nyuma walikuwa wanne. Akapanda wa tano, boksi mapajani, mama mmoja amemwekea kikapu cha nyanya juu ya miguu. Walipoanza kwenda ndipo akageuza shingo na kuona kibao cha L kwenye kioo cha nyuma, kimebandikwa na plasta ya kidonda. Plasta ile aliibandika yeye.

Nilimwuliza baadaye, ulifanya nini? Akasema nilinyamaza, bibi, mpaka tulipofika. Halafu? Halafu nikalipa nauli. Ulilipa nauli kwenye gari lako mwenyewe? Akasema, "Bibi, limeandikwa la baba." Halafu akalia pale kwenye kiti changu cha mteja, na vifaranga kwenye boksi nao wakawa wanalia, ikabidi nifunge mlango.

Nilikasirika. Kesho yake nilifunga ofisi nikaenda Sola mwenyewe. Mzee Lusangija alinipokea vizuri sana, mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, karibu mayu, akaniletea maziwa mgando na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikala, maana huwezi kumgombeza mtu kabla hujala chake.

"Mzee, gari linabeba abiria wa nauli."

"Nkwabi anakunywa maziwa yake."

"Bima uliyokata hairuhusu nauli. Likianguka na abiria wa kulipa, hupati kitu."

"Maziwa ni haki ya mlezi, mayu. Nimnyime?"

"Bima haijui maziwa."

"Basi hiyo bima yako haijakaa Usukumani."

"Mimi ndiye ninayeiuza, na nimezaliwa Nyalikungu!"

Akacheka, mimi sikucheka. Nikamwambia arudishe gari leo. Akasema mnyama wa kulelewa harudishwi ghafla kama umemkuta kwa mwizi. Unatuma neno, unampa rafiki muda wa kujiandaa, unakwenda na kitoweo mnakula pamoja. Ukimnyang'anya, umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Hakuwa tayari kuupoteza urafiki wa miaka mingi kwa ajili ya karatasi yangu. Alituma neno siku ileile, mbele yangu, kwa utaratibu. Gari lirudi baada ya kuvuna pamba.

Mvua haikungoja pamba. Mnalijua lile tope jeusi la mbugani, likilowa halina breki. Mpwa alikuwa anatoka mnadani, gari limejaa, likaserereka likaingia korongoni kwa ubavu na kulala chali. Watu walitoka wote kwa madirisha, namshukuru Mungu mpaka leo. Yule mama wa nyanya aliteguka mkono, Mzee Nkwabi akampeleka hospitali mwenyewe na kumhudumia hadi akapona. Gari lilikuwa limekunjika kiasi kwamba mafundi walilitazama mara moja na kuulizia injini tu.

Kampuni ikamleta mtathmini. Akamwuliza mpwa ulikuwa umebeba nani. Mpwa, kijana mkweli kabisa, akawataja wote kwa majina, na akaeleza nani alishalipa nauli na nani alikuwa bado. Akamwomba mtathmini amsaidie kuwapata wale wa bado. Nilikuwepo. Niliangalia mawingu.

Jibu la kampuni lilikuwa lile nililolisema: gari binafsi, kazi ya nauli, hakuna fidia. Nikaona nisiwapelekee kwa simu. Nikamchukua Minza tukaenda Sola asubuhi.

Tulimkuta mzee uwanjani na majirani zake wawili wazee. Kabla sijafungua mdomo, tukasikia mkokoteni wa ng'ombe unakuja. Mzee Nkwabi alikuwa anatembea mbele ya ng'ombe kwa miguu, kutoka mbali kote huko, amevaa koti lake la harusi. Nyuma ya mkokoteni kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Mpwa akalifunua. Ilikuwa boneti nyeupe, imekunjika katikati. Juu yake wamepanga vibao viwili vya namba na kile kibao cha L.

Ng'ombe wa kulelewa akifa, mlezi anamletea mwenyewe ngozi, ili ajue hakuuzwa wala hakuchinjwa kwa siri. Ukishaleta ngozi, neno limeisha. Hakuna deni.

"Mwangaluka," Mzee Nkwabi akasema. "Rafiki yangu, mnyama amekufa. Nimekuletea ngozi."

Wakaiteremsha wakailaza mbele ya Mzee Lusangija. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu yake, kama alivyofanya kwa yule dalali. Safari hii ilikuwa ya baridi. Wale majirani wakatikisa vichwa kwamba imeonekana. Nilimwona Minza anaiangalia ile L. Akiba yake yote na ng'ombe wa baba yake vilikuwa vimeisha pale chini, kwa heshima zote, na hakuna aliyekuwa amevunja desturi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kuwa na mimi nina jibu la kampuni mkobani.

Minza akasogea, akapiga goti mbele ya wageni wa baba yake kama mtoto aliyelelewa.

"Baba Nkwabi, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Ng'ombe wa kulelewa, maziwa ni ya mlezi?"

"Ni yake."

"Na mbolea?"

"Yake."

"Mlezi akimfunga plau?"

Mzee Nkwabi akamwangalia. "Ng'ombe wa maziwa hafungwi plau. Anayelima ni maksai."

"Lakini akimfunga. Bila kumwuliza mwenyewe. Akavunjika akiwa anavuta plau. Akileta ngozi, inaisha?"

Jirani mmoja akajibu kabla ya Nkwabi. "Haiishi. Huyo analipa."

"Basi nisaidieni, baba zangu," Minza akasema, bado amepiga goti. "Mngepanda wenyewe kwenda kliniki, au kanisani, hayo ni maziwa. Kupakia watu saba siku ya mnada ni maziwa, au ni plau?"

Nimesikia watu wa sheria wakibishana juu ya matumizi ya gari, wamevaa tai, kwa siku nzima. Sijasikia aliyeeleza vizuri kuliko hivyo. Ng'ombe wa mkokoteni walikuwa wanatafuna mabua ya mahindi ya Mzee Lusangija na hakuna aliyewafukuza.

Mzee Nkwabi aliitazama ile boneti muda mrefu. Angeweza kukataa. Ngozi ameleta, mashahidi wameona.

"Ni plau," akasema. "Nilimfunga plau." Akamgeukia rafiki yake. "Lusangija, nitakuletea ng'ombe. Nitaleta wa kutosha gari."

Mzee Lusangija alikuwa bado amechuchumaa, mkono kwenye boneti. Hakuinua macho.

"Usiniletee mimi," akasema. "Mlipe mwenyewe."

Hatukumwelewa. Mzee Nkwabi akauliza, mwenyewe yupi, gari si lako?

"Aliyemdai mnyama ndiye mwenyewe. Yule pale, wa vifaranga."

Nililia. Nawaambieni waziwazi, mtu mzima na mkoba wangu, nililia mbele ya watu. Nilisingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Minza yeye hakulia. Alikuwa amepiga goti vilevile, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Wale wazee wawili bado ni marafiki, kama mnataka kujua. Mzee Nkwabi alileta ng'ombe kama alivyosema na wakala pamoja. Boneti iko Sola hadi leo, imeegemezwa ukutani, vifaranga wanajibanza chini yake jua likiwa kali.

Tangu siku ile, hadi nilipostaafu, niliongeza swali moja ambalo Bwana Mushi hakunifundisha. Kila mteja wa kwetu aliyekaa kwenye kile kiti nilimwuliza: gari hili litapelekwa kulelewa kwa mtu? Kama litapelekwa, maziwa yake ni yapi? Vijana kutoka mikoa mingine walidhani nimeanza kuzeeka. Wasukuma walikuwa wanajibu kwa makini kabisa, na mara mbili tatu nilifuta "binafsi" nikaandika "biashara" papo hapo. Nyie msingoje kuulizwa. Semeni wenyewe gari litakuwa kwa nani na litafanya nini kila siku ya juma, pamoja na siku ya mnada.

Minza alifaulu mtihani wa barabarani, akanunua gari jingine. Alilikuta limelala, akaliamsha mwenyewe. Alikuja ofisini na leseni yake kamili, na safari hii aliyesimama alikuwa mzee, kiti amemwachia binti yake.

Nikauliza maswali yangu. Litalala wapi? Kwangu, hapa Bariadi. Litalelewa? Hapana. Abiria wa nauli? Hakuna. Na baba akitaka kwenda Shishiyu kwa rafiki yake?

"Huyo nitampeleka," Minza akasema. "Hayo ni maziwa."

Nikajaza, nikageuza karatasi wasaini. Mzee Lusangija kusoma hajui. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, pale panapoandikwa mwenye gari.

"Hapa pamesemaje, mayu?"

"Minza Lusangija."

Kidole hakukiondoa.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.